Mwendo wa Betri Mpya

Mdogo wangu Muzafaru alijifunza kupiga drams katika zizi la ng'ombe la Mzee Gatera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu kila mahali pengine watu walimfukuza kwa mawe.

Sisi tulikuwa watu wa Mbarara. Baba aliuza vitambaa sokoni hadi mwaka 1982, Wanyarwanda wa Ankole walipofukuzwa majumbani mwao. Tulifukuzwa nao, ingawa nyumbani tulizungumza Kiswahili na aliyevuka mpaka alikuwa babu yetu, si sisi. Baba hakuiona hata mvua ya pili kambini. Mama alibaki na watoto wawili, mimi Kaudha na mdogo wangu, katika kibanda cha miti na turubai, upande wa ziwa.

Vita vya msituni vilipokwisha mwaka 1986, shirika moja lilimleta kijana wa Kidenmaki kuchimba visima. Jina lake lilikuwa Torben. Nywele zake zilimfika mabegani, na watoto walimwita Bibi. Mchana kutwa alivaa vidude vya kusikilizia masikioni, waya wake ukiingia katika redio ya kaseti aliyoitundika kwenye kioo cha gari. Alipongoja maji, alifumba macho na kupigapiga boneti kwa vidole. Muzafaru, aliyeajiriwa kushika kamba ya ndoo, hakuusikia muziki wenyewe. Alisikia tu mchakacho mwembamba, kama mahindi yanayokaangwa kwa jirani.

Siku moja redio ilidumbukia kisimani. Torben aliitoa, akaitikisa, akacheka, akampa Muzafaru ikiwa na kanda yake ndani. "Drams," alimwambia, akachezesha mikono na miguu hewani kama mtu aliyepandwa na pepo. Muda si mrefu mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao.

Muzafaru aliipeleka redio Mbarara kwa fundi Naboth, aliyekuwa na meza yake kibarazani karibu na soko.

"Wewe natoka kambi?" Naboth alimuuliza alipoimaliza.

"Ndiyo, fundi."

"Nyinyi watu ya kambi nawajua. Betri ikikufa munaanika juu ya bati kama samaki, munarudisha tena. Sasa sikia. Ndani ya mota kulikuwa kitu inashika mwendo, isikimbie. Nimetoa. Hii redio sasa itakula hata betri mgonjwa, na itaimba sawasawa."

Alimfanyia wema, na kwa mtu mwingine yeyote wa Nakivale ungekuwa wema kweli. Lakini Muzafaru hakuanika betri hata mara moja. Alisema kitu kilichotoka mbali namna ile hakisikilizwi kwa mabaki. Alipasua kuni za watu, alichota maji ya watu, na alichopata kilikwenda madukani Kabingo kununua betri mpya. Zikianza kulegea alizitoa, akawapa majirani kwa tochi zao, akangoja hadi apate nyingine. Na kanda ilikuwa ile moja tu. Hatukuwa na nyingine ya kuifananisha nayo.

Mara ya kwanza alipoiwasha, Mama alikuwa anachambua maharage. Zilitoka gitaa kama msumeno unaokata bati, na chini yake ngoma kama mvua ya mawe, na juu yake mtu analia kwa sauti nyembamba ya mbuzi aliyeshikwa shingo. Ungo ulimtoka Mama mikononi.

"Zima! Nani anauawa humo?"

"Hakuna, Mama. Wanaimba."

"Wanamwimbia nani? Astaghfirullah! Mungu gani anasikia hivyo?"

 Muzafaru alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye redio, na miguu yake ilikuwa inatikisika.

Kuanzia siku hiyo hakutaka kitu kingine. Makopo ya mafuta ya msaada aliyawamba ngozi ya ndama. Kifuniko cha gurudumu la lori kikawa toazi. Ngoma ya besi aliitengeneza kwa pipa. Katika kanda aliisikia besi ikienda mbio kiasi kwamba alifikiri usiku na mchana, akaamua mguu mmoja hauwezi. Wenzetu wa Ulaya lazima wanatumia yote miwili. Basi akaunda pedali mbili, kwa vyuma vya baiskeli, minyororo, na springi za kitanda kilichotupwa. Alipiga peku. Ndara, alisema, zinamchelewesha.

Jirani yetu mmoja kutoka Zaire alikuja kumshauri Mama. "Mama Kaudha, huyu mutoto wako iko na mashetani mingi mu miguu. Umupeleke fasi banatoa mashetani, mapema, mbele bamumalize."

Mzee Gatera ndiye peke yake aliyempa nafasi, kwa kuwa alikuwa nusu kiziwi. Hata yeye alikuja akilalamika kwamba ng'ombe wake wamegoma kutoa maziwa. Kisha ng'ombe walizoea. Kisha wakazoea kupita kiasi, wakawa hawatoi maziwa mpaka wamsikie Muzafaru, na Gatera ndiye sasa aliyekuja kumwamsha alfajiri kwa fimbo. "Simama, shetani wangu! Ng'ombe wananiangalia tu."

Nilimwona mdogo wangu akijifunza mwaka baada ya mwaka. Aliwasha kanda, akaikimbilia, ikamwacha, akaizima, akatapika pembeni ya zizi, akaiwasha tena. Vifundo vya miguu vilimvimba. Viganja vilipasuka, vikakauka, vikapasuka. Na siku ilifika kanda haikumwacha tena. Walikwenda pamoja, yeye na yule mtu wa ndani, tangu mwanzo hadi mwisho, na sikuweza kusema yupi ni yupi.

"Torben hakuwa mpigaji," aliniambia siku hiyo, akicheka, jasho likimtiririka. "Nakumbuka vidole vyake kwenye boneti. Vilikuwa vinachelewa sana. Alikuwa anapenda tu."

Kisha akasema jambo ambalo alilirudia mara nyingi baadaye. "Dada, wako watu wanaopiga hivi. Wamekaa mahali wanapiga, na hawajui kwamba niko. Nataka siku moja wajue niko."

Mbarara, katika hoteli moja chini ya mlima wa Kamukuzi, kulikuwa na bendi iliyopiga muziki wa dansi kila Jumamosi. Kiongozi wake aliitwa Herbert, mtu wa suti na meno mazuri. Muzafaru alimwendea akiomba kiti cha drams, kwani mpigaji wao alikuwa mlevi. Herbert alimruhusu ajaribu. Muzafaru alifunga pedali zake mbili kwenye besi ya hoteli, akavua viatu, akapiga. Wapishi walitoka jikoni. Mhudumu mmoja aliangusha sinia.

Herbert alicheka mpaka akashika tumbo. "Kijana, huwezi kupiga dansi, utawavunja watu kiuno. Lakini iko kitu nakutafutia. Utapiga kidogo kila Jumamosi, peke yako. Watu wakikupenda, kiti kitakuwa chako."

Basi kazi yake ikaanza hivyo. Bendi ilipokwenda kupumzika, Herbert alishika maikrofoni na kutangaza, "Mabibi na mabwana, kutoka Nakivale: mkimbizi atakimbia!" Taa ilimulikwa juu yake, naye alikimbia. Watu walivunjika mbavu. Waligonga meza, wakamtupia mifupa ya nyama ya mchomo ili waone kama atakosea. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Faruku, mtu wa swala zake zote, alikuja na familia nzima ili watoto wamwone. "Mtazameni," aliwaambia. "Ndiyo mtu akiacha shule."

Sajini mmoja wa kambi ya jeshi, mcheshi sana, alikuwa na mchezo wake. Alisogeza kiti karibu na jukwaa, akafungua chupa. "Wewe Nakivale! Leo wewe napiga mpaka mimi namaliza chupa. Ukisimama chupa haijaisha, utaniona." Kisha alikunywa kidogokidogo kama ndege, akisimama kusalimia kila meza, na ukumbi mzima ukimsihi asiharakishe. Mwishoni, bia iliyobaki aliimwaga juu ya ngoma ili kila pigo limrukie Muzafaru usoni.

Viganja vyake vilichanika tena. Herbert alipoona damu, alimnunulia shati jeupe ili ionekane vizuri.

Nililijua shati hilo kwa sababu mimi ndiye niliyelifua. Nilimwambia aache. Mama alimwambia aache. Alijibu kwa upole, kama mtu anayewaelezea watoto. "Wanacheka kwa sababu hawajui. Wanadhani nimebuni mwenyewe, kichaa cha kambi. Hawajasikia wenzangu." Akafikiri, na uso wake ukawaka. "Kwa nini wasiwasikie? Hoteli ina mashine kubwa ya muziki. Nitampa Herbert kanda. Wakishasikia kwamba huko Ulaya watu wazima wanapiga hivi, na wanarekodiwa, hawawezi tena kucheka. Watanipa kiti."

Nilikwenda naye Jumamosi hiyo. Alitaka niwepo. Tulipanda lori la mahindi kutoka kambini, tukapitia Kabingo, na njia nzima kanda ilikuwa mfukoni mwa shati jeupe, mkono wake juu yake ili vumbi lisiingie.

Herbert aliipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu wako huyu? Vizuri sana. Leo watu wamsikie mwalimu." Aliwaita wote karibu. Faruku alikuwepo na wanawe. Sajini alikuwepo na chupa yake. Fundi Naboth alikuwepo pia, kwani ndiye aliyetunza mashine za ukumbi. Muzafaru aliketi kwenye drams, fimbo mapajani, mgongo umenyooka, akanitazama mara moja.

Kanda ikaanza.

Gitaa zilikuja nzito, zikikokota miguu. Ile sauti ya mbuzi ilikuwa sauti ya dume, nene, ya mtu anayekohoa. Na ngoma, mtu yule wa ndani, alikuwa anapiga kwa nguvu lakini bila haraka yoyote, kama mtu anayepigilia misumari na anayo siku nzima. Kila mtu katika ukumbi ule angeweza kumfuata kwa kichwa, na wengi walianza kumfuata.

Muzafaru alisimama. "Mashine yenu imechoka!" alipaza sauti. "Herbert, badilisha betri!"

"Betri gani, bwana? Hii inakula umeme!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Muzafaru hakuelewa. Alimtafuta Naboth kwa macho. "Fundi, waambie. Mashine imechoka, si ndiyo? Wewe unajua."

Naboth hakuwa mtu mbaya. Alisogea mbele, akajifuta mikono kwenye suruali, na alisema polepole ili mdogo wangu aelewe, na kwa hiyo kila mtu alielewa.

"Mashine ni mzima, kijana. Ni redio yako. Mimi nilitoa kile kitu inashika mwendo, kwa sababu ya betri ya kuanika. Nilikuambia. Wewe naweka betri gani?"

"Mpya," Muzafaru alisema.

"Siku zote?"

"Siku zote."

Naboth alitazama chini. "Basi ilikuwa inakimbia tu. Hakuna mtu anapiga hivyo. Ni mota."

Nadhani hapo, kama angekuja mtu mmoja wa kusema neno jingine, mambo yangekuwa mengine. Mtu wa kusema: basi huyu amepiga kwa miguu yake kitu ambacho hata mwenye kanda hakukiweza. Lilikuwa neno la wazi, lilikuwa pale pale mezani mbele yao. Aliyesema alikuwa Sajini.

"Kwa hiyo Mzungu natembea, na wewe nakimbia peke yako! Eh, Nakivale! Nani alikuwa nakufukuza?"

Mtoto mmoja wa Faruku alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Mhudumu mmoja aliketi sakafuni. Herbert aliirudisha kanda mwanzo, akafuta machozi ya kicheko kwa leso, akasema kwenye maikrofoni, "Sasa mkimbizi atatembea. Piga na mwalimu wako, kijana. Ukiweza kumfuata, kiti ni chako, haki ya Mungu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama, kwa sababu Muzafaru alijaribu. Aliketi. Alikitaka kiti hata wakati huo. Kanda ikaenda, naye akaanza nayo, na kabla mtu hajavuta pumzi alikuwa ameipita. Alisimama, akaingoja, akaanza tena, akaipita tena. Miguu haikujua mwendo mwingine. Akawa anaikamata kwa mikono, anayabana magoti, akihesabu kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na miguu ikimtoroka. Yule mpigaji mlevi wa bendi, mwenye kiti, alikuja akamgusa bega, akakaa mahali pake, na kwa mkono mmoja, sigara katika mkono wa pili, akapiga sambamba na kanda bila kukosea.

Tulitoka kwa mlango wa jikoni. Nilimwambia nje, chini ya ukuta, lile neno ambalo wao hawakulisema. "Muzafaru, kama hakuna anayepiga hivyo, basi ni wewe peke yako duniani. Unaelewa? Wewe peke yako."

"Peke yangu nilikuwa tangu mwanzo, dada," alisema. "Nilidhani sivyo."

Kanda ilibaki hotelini. Hakuiulizia.

Tulipofika Nakivale, hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja zizini, na nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anazipiga mateke zile pedali, peku kama kawaida yake, katika kinyesi na matope, mnyororo ukiruka huku na springi kule. Chuma kimoja kilimwingia kisiginoni mpaka ndani. Alikichomoa, akakitupa ziwani, akaja kulala. Mama alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa. Kilifunga vizuri. Tulikuwa tumeanza kukisahau.

Kisha asubuhi moja hakuweza kufungua mdomo kunywa uji. Mama alidhani ni hasira.

Kule Ruharo, katika hospitali ya misheni, hawakuhitaji muda mrefu kulitaja jina la ugonjwa: pepopunda. Walimpa walichokuwa nacho, wakamlaza peke yake katika chumba chenye pazia jeusi. Muuguzi aliyemtunza, Topista, alinieleza kwa kunong'ona mlangoni. "Ugonjwa huu hautaki kelele. Sauti yoyote inamvunja. Vua viatu. Usimwite jina. Ukikohoa, toka nje." Alikuwa amekizungushia kitasa cha mlango pamba na bendeji ili kisilie.

Nilikaa karibu na miguu yake. Akili yake ilikuwa nzima. Ugonjwa huo hauigusi akili. Macho yake yalinifuata. Taya zilikuwa zimekaza, na midomo imevutwa pembeni hata mtu asiyejua angesema anacheka. Mahali fulani mbali kijiko kilianguka, na mwili wote ulijikunja kama upinde, kisigino na kisogo tu vikigusa godoro, misuli ikipiga chini ya ngozi kwa mbio ambayo mimi peke yangu katika hospitali ile niliitambua. Kisha ulitulia. Kisha mlango ulifungwa upande wa pili wa jengo.

Topista alifanya kila alichoweza. Aliwaomba wagonjwa wa jirani wanong'one, na walinong'ona. Aliwafukuza kunguru uani kwa mikono, bila kupiga kelele. Alimtia pamba masikioni.

Alasiri upepo ulibadilika. Topista alitazama dirishani, kisha akatazama juu, kwenye bati. Nami nikatazama. Hatukusemezana kitu. Alikimbia kuleta blanketi, akamzungushia masikioni, akazungusha tena, akabana kwa viganja, nami nikaweka viganja vyangu juu ya viganja vyake, masikioni.

Ilianza kwa matone machache. Muzafaru alinitazama, na nilijua kwamba anayangoja yanayofuata.

Kisha ikaja yote, mvua ya Mbarara, juu ya bati. Mwili wake uliingia ndani yake mara moja na haukutoka. Hakuchelewa hata kidogo. Kifo kilimkuta kabla mvua haijapungua, na ilinichukua muda kujua, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado inatetemeshwa na bati.

Tulimzika Nakivale. Herbert hakuja, ila alituma salamu, na kuulizia shati.

Siku hizi alfajiri namsikia Mzee Gatera katika zizi lake. Anapiga kopo la mafuta kwa fimbo, kwa sababu ng'ombe hawajasahau. Yeye ni mzee, mkono wake mzito. Anapiga, anapumzika, anapiga. Ng'ombe wanageuza vichwa kutazama njia, na maziwa yanatoka kidogo.